Kilwa Kisiwani kwa Mara ya Kwanza: Jiwe, Chokaa na Maji ya Mvua

Mteja wetu wa Kigamboni alitaka nyumba ya mawe. Vigae vya mawe vinavyobandikwa juu ya matofali ya saruji alivikataa tangu kikao cha kwanza. Alitaka ukuta wa jiwe lenyewe, jiwe la pwani, kwenye nyumba itakayotazama bahari. Kazi ya kuandika ni jiwe gani litumike, ukuta uwe na unene gani, mota ichanganywe vipi na nyumba itunzwe namna gani ikaangukia kwangu. Ujenzi ninaoufanya siku zote ni wa matofali, nondo na zege. Vitabu vya uhandisi vinalieleza jiwe vizuri, ila vingi vimeandikwa kwa ajili ya nchi ambako adui mkubwa wa ukuta ni barafu. Kwetu ukuta unapigana na chumvi, jua na masika. Nikaona kabla sijaandika mstari hata mmoja niende nikatazame kuta ambazo zimepambana na hivyo vitatu kwa karne nyingi.

Wenzangu ofisini waliniambia niende Zanzibar. Mji Mkongwe naufahamu, na tangu Desemba 25, 2020, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilipoporomoka na watu wawili wakapoteza maisha, sipiti karibu na jengo la zamani bila kulitazama kwa jicho la fundi. Lakini nyumba nyingi za pale ni za karne ya 19, na bado zina paa na wenyewe wanaoishi ndani. Nilitaka kuona jiwe lililoachwa bila paa wala mwangalizi, nione linaanza kuharibika wapi. Nikachagua Kilwa Kisiwani, mahali ambapo sikuwahi kukanyaga.

Basi la kusini nilipandia Mbagala Rangi Tatu alfajiri. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lililofunguliwa mwaka 2003. Mama niliyekaa naye kiti kimoja, anayeishi Somanga, alinihadithia enzi za kivuko, jinsi wasafiri walivyolala ng'ambo wakisubiri maji ya mto yapungue. Nangurukuru tuliiacha barabara ya Lindi tukakata kushoto kuelekea Kilwa Masoko. Kesho yake asubuhi nilichukua kibali, nikapewa kijana wa kunitembeza, tukashuka gatini kupanda mashua. Mkondo wa bahari kati ya Masoko na kisiwa si mpana. Upepo ulikuwa mzuri, na kabla mazungumzo hayajakolea tulikuwa tumeshafika chini ya Gereza.

Gereza ndilo jengo la kwanza kuonekana ukiwa baharini. Wareno walijenga ngome hapa mwaka 1505, na ile tunayoiona leo ni ya wakati wa Waomani, iliyosimamishwa juu ya mabaki yake. Upande wa nchi kavu kuta zake zimesimama imara, zimenyooka. Upande wa bahari sehemu imekwisha kuanguka. Nilikaa pale muda mrefu kuliko alivyotarajia mwenyeji wangu, kwa sababu jengo moja, lenye jiwe moja na mafundi walewale, lilikuwa linanionyesha hali mbili tofauti. Chini, mawimbi yanapofika, chokaa kwenye maungio imelika ndani kiasi cha kuingiza vidole vyote. Mawe yenyewe hayajavunjika. Yamebaki yakining'inia bila cha kuyashika, na moja likitoka, la juu yake linafuata.

Kijana alinipeleka kwa mzee mmoja, fundi mwashi wa hapohapo kisiwani, ambaye alikuwa miongoni mwa mafundi waliofanya kazi kwenye ukarabati wa magofu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na hadi yalipoondolewa humo mwaka 2014 ilikuwa imefanyika kazi kubwa ya kuziba nyufa, kushikiza kuta na kuzuia mmomonyoko wa ufukwe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu Kisiwani. Nimeambiwa wewe ni mtu wa majengo."

Nikamweleza habari ya nyumba ya Kigamboni. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo mteja wala mhandisi hakuwahi kuniuliza: "Jiwe mtalitoa nchi kavu au baharini?"

Jibu la swali hilo alinionyesha ndani ya Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 au 12. Sehemu kubwa ya kusini iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ikaanguka, ikajengwa upya karne ya 15. Wageni wengi huinua macho kutazama kuba na matao, na kweli yanastahili. Mzee aliniinamisha nitazame ukuta. Mwili wa ukuta ni mawe ya nchi kavu: matumbawe ya kale sana yaliyogeuka mwamba tangu zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo. Ni magumu, yana matundu makubwa, hayana umbo, na ukilipiga jiwe lake kwa nyundo linavunjika linavyotaka lenyewe. Fundi wa zamani hakupoteza muda kulichonga. Alilipanga kwa mota nyingi na kulifunika kwa lipu.

Lakini kwenye mihirabu, kwenye miimo ya milango na pembe za matao, jiwe ni jingine kabisa. Ni matumbawe yaliyokatwa baharini yakiwa hai. Likitoka majini ni laini, tindo inaingia bila kishindo, na fundi huwa na muda mfupi wa kulipa umbo, kwa maana likishakauka huwa gumu na kubaki na umbo hilohilo. Niliweka jicho karibu kabisa na mwimo mmoja. Uso wake ulikuwa na vitundu vidogo mno vilivyopangana kwa usawa kama kitambaa kilichofumwa, na juu yake mstari wa pembe ulionyooka ambao sikuweza kuupata na kosa lolote. Mkono uliouchonga umeondoka karne nyingi zilizopita.

"Hili la bahari leo huruhusiwi," mzee alisema. "Na usiruhusiwe. Samaki watakaa wapi?"

Nakubaliana naye kwa moyo wote. Matumbawe hai hukua polepole sana, na kuyavunja kumepigwa marufuku nchini. Anayetaka uzuri ule leo achonge chokaa au atafute jiwe la nchi kavu lenye chembe ndogo. Jiwe lile gumu la matundu liko sehemu nyingi za pwani yetu. Wazo Hill, kaskazini mwa Dar es Salaam, linachimbwa na kugeuzwa saruji.

Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331 na maelezo yake yanasema mji ulikuwa mzuri na umejengwa kwa mbao. Ukiwa umesimama kati ya nguzo za pembe nane maneno hayo yanashangaza, kwani msikiti wa mawe ulikuwepo tayari. Huenda macho yake yalikwenda kwenye nyumba za watu wa kawaida, ambazo zilikuwa za miti na udongo. Jiwe lilikuwa la msikiti, la sultani na la matajiri.

Kutoka msikitini tuliingia kwenye suala lililonitoa Dar es Salaam, yaani mota. Kipande kilichodondoka kwenye kifusi kando ya njia mzee alikiokota, akakiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa cheupe kinachoelekea kijivu, chepesi kuliko nilivyotazamia, na ndani yake mlikuwa na chembe za makaa meusi na vipande vya kombe. Makaa hayo yametoka kwenye tanuu. Hapo chini ya mwembe, kwa kijiti mchangani, mzee akanichorea tanuu lenyewe. Magogo makavu hupangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, katikati huachwa tundu la kutia moto, na juu kabisa hulundikwa mawe ya matumbawe. Moto unawashwa upepo ukiwa umetulia. Magogo yanaungua, mawe yanashuka, na asubuhi kunabaki rundo la mawe meupe yaliyopoteza uzito. Kemia yake ni hii: kwenye joto la nyuzi 900 hivi jiwe la chokaa huachia hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake, hata kilo 100 za jiwe safi zikabaki kilo 56. Mawe hayo hunyunyiziwa maji, yakachemka yenyewe na kuporomoka kuwa unga, kisha hufunikwa na kuachwa. Fundi mwenye haraka huitumia chokaa hiyo mapema. Fundi anayejua huiacha miezi, kwa sababu punje ambayo haikuzimika vizuri itakuja kuzimikia ukutani, ivimbe na kubandua lipu.

Ikishapakwa, chokaa huanza kurudisha ile hewa ya ukaa iliyoipoteza motoni, taratibu, kutoka nje kuelekea ndani, mpaka inakuwa jiwe tena. Ndiyo maana haitaki kuharakishwa. Ukuta unaloweshwa kabla ya kupakwa, safu inawekwa nyembamba, inafunikwa kwa magunia mabichi isikaushwe na jua, inasubiriwa, ndipo inakuja ya pili. Mzee alisema mafundi vijana wengi wanaichukia kazi hii kwa kuwa siku moja haionyeshi kitu. Saruji asubuhi unaweka, jioni unajivunia.

Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo ningependa kila mwenye nyumba ya kale kuanzia Mikindani hadi Lamu alione. Kwenye ukuta mmoja usio wa magofu makubwa, mtu aliwahi kuziba ufa kwa saruji. Ile saruji yenyewe ilikuwa nzima, ngumu, imenata. Jiwe lililoizunguka ndilo lililokufa: uso wake ulikuwa unabanduka magamba, na ukipitisha kidole unadondoka unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Ukuta wa matumbawe hunywa maji ya mvua, ya ardhini na ya hewa ya bahari, kisha huyarudisha nje kupitia maungio laini ya chokaa. Ukiyaziba maungio kwa saruji, maji yanatafuta njia nyingine, na njia iliyobaki ni jiwe lenyewe. Yanapokauka humo huacha chumvi, chumvi inaganda kuwa fuwele, fuwele zinakua na kulipasua jiwe kutoka ndani. Kanuni ya waashi ni kwamba mota iwe dhaifu kuliko jiwe inaloliunga. Mota ikilika baada ya miaka thelathini, unaipachika upya. Jiwe likilika, umepoteza ukuta.

Tulikwenda pia Msikiti Mdogo wa Kuba, ambao mabakuli yenye rangi ya kung'aa yalipachikwa darini mwake kwa pambo, na baadaye tukatembea kwa miguu hadi Husuni Kubwa. Njia inapita mashambani, mibuyu ikiwa huku na huku. Husuni Kubwa ni kasri la al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea la pembe nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Wasomi wameandika mengi kuhusu biashara ya dhahabu iliyolipa gharama zake. Mimi nilishika futi yangu na kupima vyumba. Ni virefu, na karibu vyote ni vyembamba, kwa sababu dari ya mawe na chokaa ilibebwa na boriti za mkoko, na boriti haivuki zaidi ya mita mbili na nusu au tatu. Mti wa mkoko ndio ulioamua upana wa kila chumba hapa, kama ulivyouamua Lamu na Zanzibar.

Husuni Kubwa ndipo nilipoelewa ukuta unavyokufa. Kuta za namna hii zina nyuso mbili za mawe, na katikati zimejazwa mawe madogo na mota. Paa likiwepo, maji hayaingii juu. Paa likiondoka, mvua inaingilia kichwani mwa ukuta, inaosha chokaa ya katikati, vifusi vya ndani vinashuka na kujisukuma chini, na nyuso mbili zinaanza kutoka tumbo. Mzee alinionyesha ukuta wenye tumbo ambao kwa mbali nilidhani ulijengwa hivyo. Kisha inakuja mizizi. Mche unaota juu ya ukuta pale vumbi na maji vilipokutana, mzizi unafuata mota laini hadi chini. Wala usiung'oe kwa nguvu, alinionya, kwa sababu mzizi mkubwa huwa ndio unaoshikilia yale mawe. Unakatwa juu, unaachwa ufe, tundu linajazwa chokaa kidogo kidogo. Kwenye kuta walizokarabati, vichwa vyote vimefunikwa kwa mota ya chokaa yenye mteremko ili maji yateleze nje. Kazi hiyo haionekani kwenye picha za watalii, na ndiyo inayozibakiza kuta zimesimama.

Nilimuuliza mzee, kama nyumba ya Kigamboni ingekuwa yake, angeanza na nini.

"Mchanga," akajibu bila kufikiri. "Msichote ufukweni. Mtaingiza chumvi wenyewe kabla bahari haijawaletea."

Maandishi niliyompelekea mteja baada ya kurudi yalibeba mengi ya Kisiwani. Jiwe ni la nchi kavu, lichaguliwe kwa mkono machimboni, likae juani likauke kabla ya kujengwa, kwa kuwa jiwe lililotoka ardhini likiwa na unyevu huwa laini kuliko litakavyokuwa. Kila moja ligongwe kwa nyundo: linalolia lichukuliwe, linalotoa sauti ya kufifia lina ufa ndani, liachwe. Kabla ya yote ujengwe ukuta wa mfano, mita moja kwa mita moja, ukae eneo la kazi hadi mwisho, na kila ukuta utakaofuata ulinganishwe nao. Chini kabisa, kutoka msingini hadi kimo cha goti, tukaweka granaiti na juu yake utando wa kuzuia unyevu, kwa sababu jiwe la matundu likigusa ardhi yenye chumvi hufyonza bila kukoma. Kila baada ya mita moja hivi ya ukuta kuwe na jiwe refu linalopita uso hadi uso na kuzifunga pande zote mbili. Mota ni chokaa moja kwa mchanga wa mto uliooshwa tatu. Pale penye chuma chochote ndani ya ukuta, kiwe kisichoshika kutu, maana nondo ya kawaida ikiota kutu huvimba na kupasua jiwe. Mhandisi alidai mkanda wa zege juu ya kuta zote, tukabishana, na mwishowe nikakubali, kwa sharti kwamba paa litoke nje vya kutosha kuukinga usiloweshe jiwe lililo chini yake.

Ukurasa wa mwisho ni wa matunzo, na ndio niliomsisitizia mteja ausome mbele yangu. Mifereji ya paa isafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli. Chokaa ipakwe upya nje kila inapoanza kuchujuka. Mmea ukiota ukutani uondolewe ungali na majani mawili. Asitokee mtu wa usafi akamwaga asidi au hata siki, kwa sababu jiwe hili ni chokaa tupu na asidi hulila. Dondoshea tone la limau kwenye kipande chake uone linavyotoa povu. Mashine za kusafisha kwa maji ya shinikizo kubwa nazo zisiukaribie ukuta, zinatoboa maungio kwa dakika chache.

Kwa wewe mwenye nyumba ya urithi ya mawe na boriti, iwe Bagamoyo, Pangani, Mombasa, Lamu au Unguja: kabla ya mvua zijazo panda juu utazame kichwa cha ukuta na mfereji wa paa. Palipo na ufa, tafuta fundi anayejua chokaa, mlipe stahili yake, na umwombe afanye kazi pamoja na kijana mmoja wa mtaani kwako. Mafundi hao wamezeeka na hawaongezeki. Mfuko wa saruji uache dukani.